Mahindi Meupe kwa Ngozi Nyeusi

Kikima, Mbooni
Jumapili, 21 Novemba 1993

Kwa ndugu yangu mkubwa Ndululu,

Nakusalimu sana, mwana wa mama. Natumaini barua hii inakupata ukiwa mzima, kifua kimetulia, na mvua imefika huko Zombe vile imefika huku kwetu. Mimi mwili wangu hauna shida. Lakini wacha niseme mara moja kabla sijaanza kuzunguka: nimekukosea. Si juzi, si mwaka jana. Nimekukosea miaka kumi na minane, na hiyo miaka yote nimekuwa nikikutumia salamu kama mtu safi.

Kalunde, mwanangu, najua ni wewe unasoma. Soma kama ilivyo. Usiruke mstari na usipunguze makali, hata mahali utaona baba yako anajichafua. Mimi pia nilikuwa mdomo wa baba yako mkubwa wakati mmoja, na utasikia vile nilitumia huo mdomo. Kama kuna wageni, wamalize chai waende kwanza. Halafu mwambie baba mkubwa achukue lile kopo lake la majani chai aweke kwa magoti. Msifungue mpaka niseme.

Ndugu yangu, hii ni barua ya tatu nimeanza tangu asubuhi. Mbili nimetia kwa jiko. Leo posho mill haifanyi kazi kwa sababu ni Jumapili, lakini mimi nasikia injini tu. Nimeinuka nikaenda kukaza nati ambayo ilikuwa imekaza. Nimerudi, nikaandika tarehe, nikainuka tena kuangalia mkanda wa mashine. Mke wangu ameniuliza kama nina mchwa kwa suruali. Nikamwambia ni hesabu za mahindi. Unaona? Hata leo, na kalamu iko mkononi, nimedanganya.

Kilichonifanya niandike ni barua ya Kalunde ya mwezi wa kumi. Aliniandikia habari za mbuzi, za watoto, halafu chini kabisa, kama mtu ambaye alikuwa karibu kusahau, akasema ati kulikuwa na mkutano wa uamsho kanisani na wewe ulisimama. Ukaenda mbele na fimbo yako, ukakataa kushikwa mkono. Ukasema umebeba uwongo tangu mwaka wa sabini na tano, ati uliambia watu wa Zombe uliona mwangaza na hukuona kitu, na daktari mwenyewe aliandika hukuona kitu, na unataka kusamehewa kabla hujafa. Kalunde anasema watu walipiga makofi. Pasta akakuombea. Kwaya ikaimba.

Nilisoma hapo nikiwa nimesimama kwa mlango wa mashine na debe la mtu mkononi, na nikamwaga unga wa watu. Kwa sababu, Ndululu, wewe ulitubu dhambi ambayo hukufanya. Ulitubu yangu.

Sasa nianze pale mwanzo. Najua wewe unajua haya, lakini Kalunde hajui yote, na mimi nikianzia katikati nitapata pahali pa kujificha.

Mwaka wa sitini na sita ulikuwa kibarua kule Kambu, mkipasua mawe ya barabara kubwa ya Mombasa. Baruti moja ilikataa kulipuka, ukaenda kuangalia, na ndiyo kitu cha mwisho uliona. Walikuleta nyumbani na bandeji kama kilemba. Mwaka uliofuata mkeo Syombua akakuzalia Mutindi. Wiki hiyo hiyo mke wangu akazaa Kalunde, na mwaitu, mama yetu, akawa anasema ana mapacha wa matumbo mawili. Wewe Mutindi hukuwahi kumwona. Ulikuwa unamjua kwa vidole. Ulikuwa unapima pua yake kila mwezi, na kuniambia ati pua ya ukoo wetu inazidi kupanda, maskini mtoto wa watu.

Unakumbuka Sugow, yule kijana aliyekuwa anakuja na mbuzi kutoka pande za Garissa, halafu akanunua kamera ya sanduku na kuacha mbuzi. Alisimamisha kiti cha kamba chini ya ukuta wa soko, akatundika shuka nyuma. Siku hiyo tulienda sisi wawili na watoto wetu. Mutindi alikuwa na viatu vya plastiki vyekundu ulivyomnunulia, na alikataa kuvivua hata vile vilikuwa vinamwuma. Ulikaa, ukamweka kwa goti. Sugow akakuambia, “Mzee, angalia hapa,” halafu akaona aibu, na wewe ukamcheka, ukamwambia, “Wewe piga tu, mimi nitaangalia baadaye.” Ulipoinuka, mimi nikakaa kwa kiti hicho hicho na Kalunde wangu. Picha mbili, saizi moja, shuka moja.

Baada ya miaka miwili surua ikamchukua Mutindi. Syombua akamfuata wakati wa kujifungua. Ukabaki na ile picha, imefungwa kwa karatasi ya nailoni, ndani ya kopo. Sikuwahi kukusikia ukilia. Nilikusikia tu ukifungua hilo kopo na kulifunga.

Sasa nije kwa siku ya daktari.

Ilikuwa mwezi wa nane, sabini na tano. Mimi nilikuwa nafagia na kuandika kadi pale dispensari, na kwa sababu nilikuwa na Kizungu cha darasa la nane walinifanya mtu wa kutafsiri, wale madaktari wa macho walipokuja kwa gari lao. Yule mzungu mrefu alikuangalia macho muda mrefu sana. Halafu akaniambia nikueleze jambo, na mimi nikakueleza neno kwa neno, hapo sikukosea. Alisema kwao kuna madaktari wanajaribu kuunganisha kompyuta na kichwa cha mtu asiyeona. Wewe uliuliza kompyuta ni nini. Akasema ni mashine ya kufikiri, kubwa kama kabati tatu zimesimama pamoja. Kamera inaangalia, inapeleka kwa mashine, mashine inapeleka kwa waya, na waya unaingia kwa mfupa wa nyuma ya kichwa, unagusa ile sehemu ya ubongo inayoonaga. Macho hayatumiki kabisa. Mtu anaona vitaa, na hivyo vitaa vinafanya picha. Akachora kwa mgongo wa kadi: kichwa, waya, sanduku.

Wazee waliokuwa kwa foleni walianza maneno. Mmoja akasema, “Huyu anataka kukufanya redio, Ndululu.” Wewe ukamjibu kama watapata idhaa nzuri, wao waje na viti vyao wasikilize. Dispensari nzima ikacheka. Halafu ukaniambia nimwulize daktari swali moja: hiyo mashine inaweza kumwonyesha mtu picha, picha ya karatasi, ya mtoto?

Nilimwuliza. Daktari alitabasamu, akasema siku moja, labda, nani anajua.

Mimi nikasikia “siku moja” tu. “Labda” haikuingia.

Akatoa kisanduku chenye betri. Akasema hiyo si kompyuta, ni ya kujaribu tu kama njia ya nuru ndani yako bado iko hai. Njia ikiwa hai, ataandika jina lako na kulipeleka kwa hao wenzake. Akalowesha kipande cha pamba kwa maji ya chumvi, akakibandika kwa kope, na waya. Akazungusha kidude.

Ulishtuka kama mtu ameitwa jina. Ukashika mkono wangu, kucha zako zikaingia kwa ngozi, ukasema kwa Kikamba, “Mutunga, naona mahindi meupe yamemwagika juu ya ngozi nyeusi.”

Daktari akaniuliza unasema nini.

Nikamwambia unaogopa stima.

Akajaribu tena. Ukasema, “Sasa yameenda upande wa kushoto, kama mtu ameyafagia.” Ulikuwa unacheka. Akaniuliza, anaona? Nikasema hapana, anasema inamwasha. Akaniangalia mimi, akakuangalia wewe, kwa sababu alikuwa anaona uso wako, na hakuna mtu anawashwa akafanya uso kama huo. Akajaribu mara ya tatu, polepole. Ukasema, “Mwaitu angekuwa hapa ningemwonyesha.” Nikamwambia, hakuna kitu, daktari. Anasema ni giza tu.

Akaandika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake na nikaona ameandika hakuna. Akatoa pamba, akakugonga bega mara mbili kwa huruma, akaita mwingine.

Nje uliniuliza kama nimemwambia daktari yote. Nikasema yote. Nikakuambia amesema hayo mahindi ni stima inachezea ngozi tu, kila mtu anaona hivyo, si kuona. Ulitembea mpaka kwa mwembe wa dispensari. Halafu ukasema, “Lakini yalikuwa meupe.”

Ulienda ukashuhudia kanisani, na watu walifurahi. Wiki mbili baadaye Pasta, yule wa zamani, aliniita kando akaniuliza daktari alipata nini. Nikasema daktari aliandika hakuna. Alisikitika, na sijui aliambia nani, lakini kufika siku ya soko walikuwa wamekupa jina. Mzee wa Stima. Ukipita, mtu anakuita, “Mzee wa Stima, taa imezima kwetu, hebu tuwashie.” Watoto wanakuuliza leo umeona mahindi ama maharagwe. Mimi nilikuwa nakushika mkono, niko hapo kando yako, nasikia. Siku moja mimi pia nilicheka. Kidogo tu, nisionekane tofauti. Najua ulisikia, kwa sababu mkono wako ulitoka kwa wangu.

Hukushuhudia tena. Ukahama kiti cha mbele ukakaa cha mwisho karibu na mlango. Miaka minne baadaye mimi nikahama Zombe kabisa, nikasema ni kazi. Haikuwa kazi. Nilishindwa kuamkia uso wako kila siku.

Utauliza kwa nini. Kwa muda mrefu nilijiambia nilikuwa nakukinga, wasije wakakupasua kichwa huko ng'ambo wakatuletea sanduku. Hiyo ni sababu nzuri, hata pasta angeikubali. Lakini haikuwa hiyo. Hapo kwa dispensari sikufikiria kisu hata dakika moja. Nilifikiria kopo.

Kalunde, sasa. Mwombe baba mkubwa ruhusa, afungue kopo mwenyewe, akupe picha uitoe kwa nailoni. Mwambie unaona nini. Usiogope.

Utaona mtu amekaa kwa kiti cha kamba, amevaa koti la kijivu lenye vifungo viwili, macho wazi, anaangalia kamera. Ndululu, huyo si wewe. Ni mimi. Na mtoto aliye kwa goti, mwenye leso kichwani na miguu mitupu, si Mutindi. Ni Kalunde. Ni huyu anayekusomea.

Unakumbuka baada ya kumzika Syombua ulinipa ile picha niipeleke Kitui mjini ifanywe kubwa, itundikwe ukutani ili watu wakikuja wajue ulikuwa na mtoto. Niliipeleka. Studio ilikuwa imefungwa. Nikarudi nayo, na njiani nikapita mahali nikanywa pombe ya kaluvu, nikanywa sana, mtu wa kanisa mzima. Kufika mto Thua watu walikuwa wamesimama kwa ukingo. Mchanga ulikuwa mkavu. Waliniambia ngoja, mvua imenyesha juu, unasikia mngurumo. Mimi nikasema nimevuka huu mchanga tangu nizaliwe. Nilikuwa katikati wakati maji yalikuja. Yalinipeleka mpaka kwa mizizi ya mkuyu na nikatoka, lakini mfuko wa shati ulikuwa umejaa matope. Nilifungua picha yako nikajaribu kuipangusa kwa kidole, na uso wa mtoto ukatoka pamoja na kidole. Kama ningeiacha ikauke yenyewe, labda. Mimi nilipangusa.

Sugow alikuwa amesharudi kwao, na kamera yake ile haikuwa inabaki na kitu cha kutolea picha nyingine. Nikaenda nyumbani, nikatoa picha yangu ukutani. Saizi moja. Nikaifunga kwa nailoni, nikakuletea, nikakuambia studio imekataa, picha imezeeka. Na nikaongeza la kunilinda: nikasema mwenye studio ameonya ati mwangaza unaharibu picha za aina hiyo, usifungue mbele ya watu. Ukanishukuru. Ukaishika na vidole vyote kumi. Umekuwa ukiishika mpaka leo.

Kwa hivyo daktari aliposema vitaa vinafanya picha, mimi niliona siku hiyo inakuja: umetoka ng'ambo na waya wako, umekaa, umefungua kopo mbele ya hiyo kamera, na unaona uso wangu mahali pa uso wako. Ndiyo nikazima taa.

Na sikiliza jambo lingine, linanisumbua kuliko yote. Mwaka huu alikuja hapa Kikima kijana anaitwa Musembi, afisa wa macho, amesoma. Alikuwa anasaga mahindi ya mama yake, tukaongea. Nikamwuliza kama mtu anauliza tu, hizo kompyuta za kuunganishwa na vichwa vya vipofu zilifika wapi. Alishangaa nimejulia wapi. Akaniambia bado wanajaribu, na kwamba wale wa wakati ule waliona vidoti tu, vichache, kama taa za nyumba za mbali ukiwa mlimani. Mtu anaweza kujua dirisha liko wapi. Anaweza kusoma herufi moja kubwa, polepole. Nikamwuliza, na picha? Picha ya mtu, uso? Akacheka. Akasema, mzee, hata pua hangeona.

Hata pua, Ndululu. Niliogopa mashine ambayo haikuwa na uwezo wa kukuonyesha pua yangu. Nilikunyima dirisha kwa ajili ya picha usingeiona. Na pengine wale watu hawangekuita kamwe, au ungekataa mwenyewe ukisikia habari ya kisu. Lakini hiyo ilikuwa yako kukataa. Nilichokuibia zaidi si hiyo safari. Ni kwamba ulikuwa mtu mwenye kusema alichoona, na mimi nikakufanya mtu asiyejiamini hata gizani mwake, mpaka ukasimama mbele ya watu kuomba msamaha kwa kusema kweli.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Barua ni rahisi, mtu anaandika akiwa mbali. Kalunde, wewe pia nimekukosea, nimekutumia kama uso bila kukuuliza. Umemsomea baba mkubwa miaka hii yote na hukujua ulikuwa ndani ya kopo. Msaidie leo. Kaa naye, hata kama hasemi.

Msalimie Pasta, lakini usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe. Salimia majirani wote, hata wale wa kuita majina. Mke wangu anawasalimu, na jioni hii nitamwambia vile nimekuambia wewe, kwa sababu siwezi kusingizia hesabu za mahindi maisha yangu yote.

Jumapili tarehe kumi na mbili mwezi wa kumi na mbili, siku ya Jamhuri, kanisa litakuwa limejaa. Nitafika Zombe Jumamosi. Sitalala kwako kama hutaki, nitalala sokoni. Nitakuja na kile kilichobaki cha picha yenu, kwa maana sikukitupa: ni karatasi nyeupe karibu yote, lakini chini kumebaki mguu wa kiti na kiatu kimoja cha Mutindi. Nitakiweka kwa mkono wako. Halafu Jumapili nitasimama pale pale uliposimama, niseme jina langu, niseme wewe hukudanganya, na niseme kwa Kikamba yale maneno uliyoniambia, yote matatu, vile ulivyoyasema, bila kuongeza na bila kutafsiri. Naona mahindi meupe yamemwagika juu ya ngozi nyeusi. Yameenda upande wa kushoto, kama mtu ameyafagia. Mwaitu angekuwa hapa ningemwonyesha.

Nikimaliza hapo, kiti cha mbele ni chako. Mimi nitakaa cha mlangoni.

Ni mimi ndugu yako mdogo,

Mutunga